Mkoba wa rubani: Cha kubeba, cha kuacha na mahali pa kukiweka

RUBANI anayeondoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, saa tisa alasiri kuwapeleka wageni Maasai Mara, hupiga hesabu ya kurudi kabla ya giza. Kwa ndege ndogo mwendo wenyewe hauzidi saa moja. Lakini mvua ikilowesha kiwanja cha udongo, au abiria wa kurudi naye wakikawia mtoni wakitazama nyumbu wakivuka, hesabu hiyo huvurugika. Viwanja vingi vya mbugani havina taa. Na katika nchi inayopitiwa na ikweta, jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa moja giza limekwisha kutanda. Ndege hulala huko, na rubani hulala na kile alichobeba.

Suala la mkoba, ambalo kwa mwanafunzi wa urubani huonekana dogo kando ya karo na saa za mafunzo, ni zito kuliko linavyodhaniwa. Mkoba huo hukaa ndani ya chombo kinachobeba watu. Hupimwa pamoja nao, hukaa karibu na mitambo, na yaliyomo huhitajika aghalabu wakati mikono ya rubani ina kazi nyingine.

Kosa linalorudiwa mno ni kununua mkoba mmoja mkubwa wa kutia kila kitu. Mkoba mkubwa haukosi kujaa. Mwenyewe akiona pembe tupu hutafuta cha kuijaza. Mpango unaofaa ni wa mikoba miwili: mmoja mdogo wa kazi, unaokaa mahali mkono unapofika rubani akiwa amejifunga mkanda, na mwingine laini wa malazi, unaofungwa nyuma ya ndege siku ya safari ya kulala. Anayeingia na kutoka Wilson kila siku hahitaji wa pili, mradi ndani ya ule wa kwanza awe na kifuko cha dharura ya usiku mmoja: mswaki, dawa anazotumia, fulana safi na chaja ya simu. Kifuko hicho hakifiki kilo moja.

Mazoea ya kubeba mzigo mkubwa yana asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Elrey Jeppesen, rubani aliyesafirisha barua nchini Marekani, alianza kuandika katika daftari dogo urefu wa viwanja, vilima na vizuizi alivyokutana navyo njiani. Wenzake waliyataka maandishi hayo, naye akawauzia nakala kwa dola 10. Mwaka wa 1934 alianzisha kampuni. Kadiri viwanja na njia za angani zilivyoongezeka, daftari likawa majalada, na majalada yakahitaji sanduku la ngozi ambalo marubani wa mashirika makubwa walilikokota kwa miongo mingi.

Sanduku hilo limeondolewa na kishikwambi. Shirika la American Airlines lilipokamilisha mwaka wa 2013 kuwapa marubani wake vifaa vya iPad, lilisema kila kimoja kilichukua nafasi ya mkoba wa karatasi wa takriban kilo 16. Hata hivyo, Aprili 2015 safari kadhaa za shirika hilo zilichelewa baada ya programu ya ramani kugoma kwenye vishikwambi vya marubani, kisa kikiwa ramani moja iliyojirudia. Ndege zilikuwa bado ardhini. Funzo kwa mwenye ndege ndogo ni la moja kwa moja: ramani ya karatasi ya eneo analopitia haijapitwa na wakati, na uzito wake haufiki hata wa chupa ya maji.

Joto nalo lina lake. Kampuni ya Apple hushauri kuwa iPad itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35 za selsiasi. Kifaa kilichoachwa juani nyuma ya kioo cha ndege iliyoegeshwa Lodwar hupita kiwango hicho upesi, kikazima chenyewe hadi kipoe. Kwa sababu hiyo mkoba wa kazi unapaswa kuwa na mfuko bapa wa kishikwambi upande usioelekea jua, na rubani akitoka ndegeni asikiache kwenye dashibodi.

Suala la uzito halihitaji nadharia. Hesabu ya ndege moja inatosha. Cessna 172S, mojawapo ya ndege zinazotumika sana kufundishia, huruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 1,157. Ukiondoa uzito wa ndege yenyewe, hubaki takriban kilo 400, na pungufu ya hapo iwapo ina mitambo ya ziada. Matangi yakijaa, petroli hula karibu kilo 144. Watu wazima watatu wa kilo 80 kila mmoja huchukua 240. Kilichosalia kwa mikoba yote ni kilo 16, au chini. Hapo ndipo sanduku gumu la magurudumu, ambalo huwa na kilo tatu au nne likiwa tupu, linapogeuka anasa isiyolipika.

Kuna wanaosema kilo 10 si kitu. Petroli ya ndege ndogo ina uzito wa takriban kilo 0.72 kwa lita, kwa hivyo kilo 10 za mkoba ni sawa na karibu lita 14. Kwa ndege inayotumia kama lita 35 kwa saa, hizo ni zaidi ya dakika 20 za kukaa angani. Akiba inayotakiwa kwa safari ya mchana ya kuona kwa macho ni dakika 30. Rubani aliyejaza mkoba na kupunguza mafuta ili asipite kiwango, amebadilisha sehemu kubwa ya muda huo kwa vitu ambavyo huenda asivitumie.

Wilson yenyewe huongeza ugumu. Uwanja huo uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri yenye joto la nyuzi 27 hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hupaa kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000. Injini hupungukiwa na nguvu, mabawa hupungukiwa na hewa ya kushika, na njia ya kurukia huonekana fupi. Anayeruka kutoka Malindi au Lamu, usawa wa bahari, anaweza kusamehewa mzigo ambao Nairobi haitausamehe.

Mahali mzigo ulipo pana maana sawa na kiasi chake. Sehemu ya mizigo ya Cessna 172S hairuhusiwi kupita kilo 54, na uzito mwingi nyuma huifanya ndege inyanyue pua, iwe ngumu kudhibiti hasa ikipunguza mwendo. Basi mkoba wa malazi haupimwi kwa macho. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya abiria, ni ya bei nafuu na inaingia mfukoni.

Mtu akiuliza kwa nini mkoba ufungwe kila mara kitu kikitolewa, kisa cha Februari 9, 2014 kinatoshea jibu. Ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza aina ya Voyager, ambayo ni Airbus A330 ya kijeshi, ilikuwa juu ya Bahari Nyeusi ikielekea Afghanistan na watu 198. Kamera ya nahodha ilikuwa imewekwa kati ya mkono wa kiti na kijiti cha usukani. Aliposogeza kiti mbele, kamera ilikisukuma kijiti, na ndege ikainamisha pua. Ilipoteza futi 4,400 katika sekunde 27. Abiria na wahudumu walirushwa darini, kadhaa wakaumia, kabla ya ndege kurejeshwa sawa na kutua Uturuki. Ndege ilikuwa nzima na hali ya hewa haikuwa na neno. Kilichoikaribia kuiangamiza kilikuwa kamera isiyo na mahali pake.

Katika ndege ndogo hatari hiyo ina sura nyingine: chupa inayoviringika chini ya pedali, tochi inayonasa nyuma ya usukani, ukanda wa mkoba unaojizungusha kwenye gurudumu la kurekebisha ulalo wa ndege. Mkoba wa kazi uwe na zipu au kifuniko kinachofunga kabisa, ukanda wa begani unaoweza kufunguliwa na kutiwa ndani, na umbo linalosimama bila kuanguka. Ukiwekwa kwenye kiti kitupu, ufungwe mkanda kama abiria. Ukiwa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, uwe mfupi kiasi cha kutokizuia kiti kurudi nyuma, na usizibe njia ya mlango. Katika ajali isiyo ya kuua, hii ya mwisho ndiyo huamua nani anatoka.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mikoba mingi ya kisasa hufungwa kwa sumaku, na baadhi ya vifuniko vya vishikwambi vivyo hivyo. Sumaku ikiwa karibu na dira ya ndege, dira husema uongo. Zipu au vishikizo vya plastiki ni salama zaidi.

Kuhusu yaliyomo, stakabadhi hutangulia. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu cha 29, hutaka ndege inayovuka mipaka iwe na cheti cha usajili, cheti cha kufaa kuruka, leseni za marubani, kitabu cha safari, leseni ya redio na, ikiwa imebeba watu au shehena, orodha zake. Vya ndege hukaa ndegeni. Vya rubani, yaani leseni, cheti cha afya na kitambulisho, hukaa mkobani, katika mfuko mmoja usiobadilishwa na usiopenya maji. Kitabu cha kumbukumbu za saa za kuruka ni hoja ya ubishi. Mwanafunzi hana budi kukibeba, lakini rubani mzoefu hufanya busara kukiacha nyumbani na kutembea na nakala za kurasa zake, kwa kuwa mkoba ukiibwa garini, kazi ya miaka hupotea nao.

Hedifoni na maikrofoni yake ndicho kifaa ghali zaidi ndani ya mkoba na ndicho huharibika kwa kubanwa. Ipewe chumba chake chenye sponji. Jirani yake zikae tochi mbili, mojawapo ikiwa na mwanga mwekundu wa kulinda macho yaliyozoea giza. Ikumbukwe lakini kwamba mistari myekundu ya ramani hupotea chini ya mwanga huo. Tochi nyeupe hafifu ni ya lazima pia. Kalamu ziwe mbili au tatu, na kibao cha kufunga pajani kisizidi upana wa paja lenyewe.

Miwani ina kanuni. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, humtaka rubani ambaye leseni yake inamlazimu kuvaa miwani awe na ya pili karibu naye. "Karibu" maana yake ni mkoba wa kazi, wala si ule ulio nyuma. Miwani ya jua nayo isiwe ya kuchuja mng'ao kwa namna inayozima vioo vya kidijitali. Rubani anaweza kuinamisha kichwa na kuona skrini imegeuka nyeusi.

Kikombe cha kupimia petroli, kile kinachochota mafuta chini ya tangi ili kuona kama maji yamejitenga chini, kitiwe katika kifuko cha nje peke yake. Petroli ya ndege ndogo inayotumika sana bado ina madini ya risasi, na harufu yake haitoki kwenye nguo kwa siku nzima. Si jambo la kukaa pamoja na mkate.

Vitu viwili vidogo hupuuzwa na wengi. Kimoja ni kijikadi kinachobadilika rangi kukiwa na gesi ya kaboni monoksidi, maana kipasha joto cha ndege nyingi za injini moja huchukua joto kutoka bomba la moshi, na ufa mdogo huiingiza gesi hiyo isiyo na harufu ndani. Kingine ni mfuko wa karatasi wa kutapikia. Aliyewahi kuruka na abiria juu ya Bonde la Ufa saa nane mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Betri zahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni za kimataifa huruhusu abiria kubeba betri ya akiba ya lithiamu isiyozidi saa-wati 100 bila kuomba ruhusa, na ile ya kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Zote, pamoja na pawabenki, hubebwa ndani pamoja na watu na haziruhusiwi kwenye shehena, ili moto ukizuka uonekane. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki iliyokuwa katika kabati la mizigo juu ya viti. Wote walitoka. Katika Cessna hakuna kabati wala mhudumu mwenye kizima moto. Kwa hivyo pawabenki haifai kuzikwa chini ya nguo katika mkoba wa nyuma. Nafasi yake ni mfuko wa nje wa mkoba wa kazi, vituo vyake vya umeme vikiwa mbali na sarafu na funguo.

Mkoba wa malazi una sharti moja kubwa: uwe laini. Mashirika yanayowasafirisha watalii hadi mbugani kutoka Wilson huwawekea abiria kikomo cha kilo 15 na kuwataka wabebe mikoba isiyo na fremu ngumu, kwa sababu katika Cessna Caravan mizigo hutiwa katika sanduku lililo chini ya tumbo la ndege au kubanwa nyuma ya viti. Rubani hana sababu ya kujipa upendeleo juu ya abiria wake. Mkoba wa turubai au nailoni hujikunja kufuata nafasi iliyopo; sanduku huilazimisha nafasi imfuate, jambo ambalo ndege hazikubali.

Nguo hutegemea mwisho wa safari. Anayelala Mara atahitaji sweta, kwa kuwa usiku huko ni wa baridi licha ya jua kali la mchana. Anayelala Lamu au Kisumu atahitaji dawa ya kufukuza mbu na nguo za mikono mirefu za jioni. Anayevuka mpaka kuelekea Uganda au Tanzania abebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenyewe, na mahali pake ni pamoja na leseni, asije akakisahau katika suruali nyingine.

Maji ya kunywa yabebwe katika chupa ya chuma yenye kifuniko cha kukaza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 chupa na vyombo vingine vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine yanayohifadhiwa. Nguo chafu basi zifungwe katika kifuko cha kitambaa. Visu vidogo vyenye koleo na bisibisi, ambavyo marubani huvipenda, hunaswa na walinzi wa viwanja vikubwa. Anayepita huko akirudi kama abiria wa kawaida ataagana na chake.

Wakati wa kununua, jina la kampuni lisimtishe mtu. Mikoba ya marubani inayotengenezwa Marekani kwa vipande vinavyoungana kwa zipu ni bora, lakini bei yake huumiza, na nembo ya ndege iliyoshonwa ubavuni huwatangazia wezi kwamba ndani mna hedifoni ya maelfu ya pesa. Mkoba wa mpiga picha, wenye vyumba vya sponji vinavyohamishika, hufanya kazi ile ile. Katika soko la mitumba la Toi, lisilo mbali na Wilson, au Gikomba, mvumilivu hupata ulio imara kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Akague zipu kwanza, kwa kuifungua na kuifunga mara kadhaa huku mkoba ukiwa umejazwa, kisha mishono ya mahali ukanda unaposhika.

Rangi nayo si urembo. Bitana nyeupe au ya manjano huonyesha kalamu nyeusi iliyoanguka ndani; bitana nyeusi huificha mpaka asubuhi. Kwa nje, rangi ya hudhurungi husitiri vumbi jekundu la viwanja vya murramu. Vitambaa vya mabaka ya kijeshi viachwe dukani, hata vikiwa rahisi: mavazi na vifaa vya sura hiyo humtia raia matatani na maafisa wa usalama nchini Kenya na hata ng'ambo ya mpaka, na kituo cha polisi cha mpakani si mahali pa kueleza ubora wa turubai.

Vumbi hilo la murramu ndilo huua zipu kabla ya kitu kingine chochote. Brashi ya viatu, kisha kipande cha mshumaa kikisuguliwa kwenye meno yake mara moja kwa mwezi, huirefushia maisha. Siku hiyo hiyo mkoba umwagwe wote mezani, upimwe ukiwa mtupu na ukiwa umejaa, tarehe ya cheti cha afya itazamwe, na ramani zilizopitwa na wakati zitolewe. Betri za tochi ya akiba ziondolewe na kukaa kando katika kifuko chao, zisije zikavuja ndani ya tochi ambayo huenda isihitajike kwa miezi sita.